Ndege Niliyemtunga Al Twar

Ijumaa, 4 Machi 2016

Chuo leo. Somo letu linachanganya kila kitu: viumbe, sayansi, na jinsi ya kuishi bila kuimaliza dunia. Dakta Saif anataka kila mmoja achunguze mti wa mtaani kwake, aandike nani anaishi humo na watu wanautumiaje. Nikifaulu, shule moja ya chekechea itanipa kazi ya mchana. Nitamlaza mwanangu Tesi mwenyewe. Sasa hivi nafua mashuka hotelini Al Mankhool zamu ya jioni, na Tesi anabaki hapa kwetu na jirani, dada Rukiya, tangu mchana; ndiye anayemlaza.

Nimeutazama mti wa ghaf, ule wa jangwani, chini ya dirisha letu hapa Al Twar. Njiwa. Mfuko wa plastiki. Nikasinzia.

Roselyne, tunayesoma naye, eti ana mijusi na nyuki tayari.

Basi nimetunga ndege. Wa kijivu, jicho jekundu. Anapiga mluzi wa sauti tatu, ya pili inachelewa, kama mtu aliyesahau neno. Nimempenda sana.

Jumapili, 6 Machi

Nimesoma ripoti yangu. Dakta ameuliza kama ndege huyo ni mgeni hapa. Nikasema ni mgeni kabisa.

Roselyne akainua mkono. Eti hata yeye kamwona, alipopita kwetu, tena wawili. Wangu ni mmoja! Lakini nitamwitaje mwongo bila kujichoma mwenyewe? Nikasema tu kwamba mti uko kwetu. Akanijibu, "Mama Tesi, kwani wewe ndiye kafeel wake, umemdhamini viza?" Darasa zima likacheka.

Jumanne, 8 Machi

Dada Rukiya kaniuliza ni wimbo gani nimemfundisha mtoto. Eti kila baada ya chakula cha mchana anakaa dirishani anapiga mluzi, ananyamaza kama anayejibiwa, kisha anaendelea. Nikacheka. Tesi akaupiga mbele yangu.

Sauti tatu. Ya pili ikachelewa.

Mimi mluzi ule sijawahi kuupiga. Niliuandika tu. Nikamwuliza nani kamfundisha. Akasema ndege. Nikamwambia ndege za uwanjani hazipigi mluzi, zinanguruma. Akanitazama kwa huruma. "Si hizo, mama. Yule wako."

Dirisha limefungwa na hakuna mjadala. Nimembusu, nikamwambia akiligusa hapati katuni wiki nzima.

Alhamisi, 10 Machi

Jana Dakta alifunga kinasa sauti kwenye mti wangu. Leo tumesikiliza. Njiwa, magari, mlango wa duka. Halafu kimya, mpaka Dakta akadhani mashine imezima. Kisha zile sauti tatu.

Roselyne akanishika mkono. Akaninong'oneza kwamba hajawahi kumwona, alitaka alama tu. Nikamdanganya: pole, mimi namwona kila siku.

Nimepata alama ya juu kuliko wote. Roselyne yuko chini yangu, khalas, imekwisha. Nilitegemea raha zaidi ya hii.

Nyumbani nimekuta Tesi kaweka viti viwili dirishani. Kimoja chake. Cha pili kaniomba nisikikalie.

Ijumaa, 11 Machi

Imebaki ripoti moja tu, ya mnyama wa ardhini. Nikifaulu, kazi ya mchana ni yangu. Dirisha nimelizungushia utepe wa gundi, viti nimevirudisha mezani. Tesi amenuna, kisha akalala kifuani kwangu, na mimi sikuwa na moyo wa kumwondoa. Kwa hiyo sijashuka kutafuta mnyama. Hata paka sijamwona.

Nimetunga mmoja. Safari hii nimetumia akili, endapo naye atatokea kweli. Mdogo, kipofu, hana sauti. Miguu mifupi, hawezi kupanda ngazi. Dakta ataridhika.

Ikabaki sehemu ya chakula. Nimeifikiria muda mrefu, nikimshikilia Tesi. Nimeandika: anakula majani tu. Nimepiga mstari chini ya "tu".