Pikapu ya Kamanda na Safari ya Mama Mkwe

Redio ilitangaza kwamba magari yote yanayotembea kiupandeupande yataanza kuzuiwa barabarani. Kijiwe kizima, vikombe vya kahawa mkononi, kikageuka kumtazama Kamanda.

"Mnaniangalia nini?" aling'aka. Pikapu yake ilikuwa imeegeshwa ng'ambo, mbele ya karakana ya Msumari mchomeleaji, bega la nyuma limeshuka kama mtu aliyebeba gunia.

"Hatukuangalii wewe," alisema Kamusi, mstaafu asiyekosa jibu la lolote duniani. "Tunaliaga gari."

"Gari zima hilo! Ni kutu kidogo tu kwenye breketi ya springi. Napiga rangi, basi."

"Piga, piga. Hata maiti hupakwa poda."

Muuza kahawa alicheka mpaka birika likamtikisika. Kamanda hakucheka. Kesho alfajiri alitakiwa kumpeleka mama mkwe hospitali akapasuliwe jicho, na mbele ya mashemeji zake wote alishajigamba kwamba gari lake halijawahi kumwaibisha mtu.

Akavuka barabara kumwita Msumari. Msumari akajiingiza uvunguni na bisibisi, akakichokoa kile chuma kinachoishikilia springi kwenye chesisi. Bisibisi ikazama mpaka mpini.

"Breketi iko wapi?" akauliza kutoka humo chini. "Hapa naona kutu zimeshikana mikono."

"Chomelea kiraka juu yake," Kamanda alisema, sauti imepungua.

"Nichomelee kiraka kwenye biskuti? Shukuru chesisi bado ina uhai. Breketi naikata yote, nafunga mpya kwa bolti."

Mchana kutwa grainda ilipiga kelele na kutema cheche, na kijiwe nacho kikahamia pale kutoa ushauri.

"Kaza kushoto!" aliagiza Kamusi, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli.

Jioni pikapu ilisimama wima. Kamanda akaizunguka, akaipapasa, kifua kikamrudi. "Mnaona? Si nilisema ni kitu kidogo!"

"Kidogo, eeh?"

Ilikuwa sauti ya mama mkwe. Kumbe alikuwa ameketi kwenye benchi la karakana muda mrefu, na masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote.

"Kwa hiyo, baba, kesho ulikuwa unanipeleka hospitali kwanza, au makaburini moja kwa moja?"

Kamanda akatazama viatu vyake. "Nisamehe, mama. Niliona aibu kusema gari limechoka."

"Ungesema tu. Teksi zipo." Akawageukia wengine. "Haya, washauri wote pandeni nyuma, mzunguke naye mpaka kule kilimani. Mkirudi wazima, kesho nami napanda."

Ghafla Kamusi akakumbuka dawa zake. Muuza kahawa akaanza kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Kufumba na kufumbua, pakabaki peupe. Msumari peke yake ndiye aliyerukia nyuma, akakaa juu ya tairi la akiba.

"Angalau yupo anayeiamini kazi yake," alisema mama mkwe.

"Breketi naiamini, mama," Msumari alijibu, huku ameng'ang'ania bomba la ubavuni mwa pikapu kwa mikono miwili. "Ila breki sikuambiwa niziangalie."