Hotuba ya Kuzindua Ngao ya Joto ya Gari la Damu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa sababu za kiitifaki na za jua hili umeketi kiti cha nyuma cha gari tunalolizindua, vioo vikiwa vimepandishwa, injini inanguruma na kiyoyozi kinafanya kazi yake, Mwenyekiti wa Bodi, Makamu wa Mwenyekiti wa Bodi, Kaimu wa Makamu, ambaye naambiwa yuko njiani, wakuu wa idara, vitengo, vitengo vidogo na madawati, viongozi wa dini, mliotuombea kwa ufupi wa kupigiwa mfano, Daktari wa Kituo cha Mlimani, ambaye hakuweza kufika kwa sababu yuko kazini, na tumemsamehe, dada muuguzi wa benki ya damu, uliyeketi pale na sanduku lako mapajani, dereva wetu, fundi wetu, akina mama wa jikoni, mabibi na mabwana, na ninyi wengine wote ambao nikisema niwataje kwa vyeo vyenu kutatuchwea hapa hapa: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mheshimiwa anapunga mkono nyuma ya kioo.)

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo Mgeni Rasmi amekuja, na mimi kama Mkurugenzi wa Usafirishaji wa Dharura nakiri mbele yenu kwamba nimepona, idara imepona, na tukiendelea na kasi hii hata wagonjwa watapona. (Makofi kutoka meza kuu.)

Ndugu zangu, gari hili halikununuliwa kubebea maharusi. Ni gari la mbio, lina turbo, na tulilitafuta kwa jasho ili damu ikitoka benki hapa chini ipande mlima ule mnaouona nyuma ya ukuta wetu, ifike Kituo cha Mlimani kabla mgonjwa hajakata tamaa. Vijana wa karakana wakaliongezea filta ya dukani, ile ya wazi, inayovuma ukikanyaga mafuta mpaka mbuzi wanaacha barabara. Tatizo ni kwamba filta ile ilikaa uchi jirani na ekzosi, ikawa inavuta hewa ya moto, na hewa ya moto, kitaalamu, ni hewa iliyopungukiwa na hewa. (Kicheko.) Msicheke, hiyo ni sayansi. Matokeo yake gari likifika kona ya pili ya mlima pumzi inakata, na dereva wetu, nasema haya kwa masikitiko, amewahi kupitwa na punda mwenye mzigo.

Dereva akaja ofisini kwangu. Akaniambia kwa lugha yake ya kidereva kwamba injini inavuta moto, itengenezewe ngao. Nikamwuliza ngao ya namna gani. Akasema ni bati tu la alumini, Mzee, unalikunja, unalivisha mpira ukingoni, unalifunga kwa bolti kati ya filta na injini, filta inabaki inavuta hewa ya baridi kutoka kwenye bampa, kazi ya asubuhi moja. Hapo, ndugu zangu, ndipo inapojulikana tofauti ya dereva na kiongozi. Yeye aliona bati. Mimi nikaona mradi. (Makofi kutoka meza kuu. Dereva anakuna kichwa.)

Tukaanza mchakato. Tuliunda Kamati ya Kitaalamu ya Kuangalia Joto, na kwa kuwa utawala bora hauruhusu kamati ijiangalie yenyewe, tukaunda nyingine ya kuiangalia hiyo, ambayo mwenyekiti wake, kwa sababu za uzoefu tu, ni mimi. Tukafanya upembuzi yakinifu, tukaupembua ule upembuzi, tukatoa roudimapu. Wajumbe walisafiri nchi ya mbali yenye baridi kali kwenda kujifunza habari za joto, na wapo wenye midomo waliouliza joto linajifunzwaje kwenye theluji. Jibu ni jepesi: aliyemo jikoni haoni moshi, mpaka atoke nje. Wajumbe walitoka nje, na walirudi na makoti mazuri sana. Baada ya hapo tukawa na semina ya kapasiti bildingi kwenye hoteli yenye kiyoyozi, ili kila mdau aonje kwa mwili wake maana halisi ya kukosekana kwa joto, na fidibeki tuliyoipata ni kwamba wadau waliomba siku za ziada.

(Simu ya muuguzi inaita. Anapokea ameinama, kisha anasimama na sanduku lake.)

Dada muuguzi, nimekuona. Wananchi, naomba niwafafanulie maana manung'uniko nayasikia. Dada anasema daktari wa mlimani amepiga tena. Kuna mama mjamzito kule juu, mtoto amekaa vibaya, inabidi apasuliwe, na damu ya kundi lake ndiyo hiyo iliyomo sandukuni; bila damu hiyo daktari hathubutu kushika kisu. Hoja nzito, na tumeipokea. Gari litaondoka mara tu utepe utakapokatwa, utepe utakatwa mara tu hotuba itakapokwisha, na hotuba, kwa mujibu wa ratiba mliyogawiwa getini, bado imo katika utangulizi. Keti, dada. Haraka haraka haina baraka. (Muuguzi haketi.)

Mzee mmoja kule nyuma anauliza kama boneti inaweza kufunguliwa wananchi waione hiyo ngao. Swali zuri, na jibu ni hapana. Kama unavyoona, mzee wangu, utepe umepita juu ya boneti na umezungushwa gari zima, na ukiukata kabla ya Mheshimiwa unakuwa umefanya uzinduzi bila kibali. Mambo mengine yanataka imani. (Fundi anatazama viatu vyake.)

Na wewe dereva, mkono wa nini tena? Anasema gari limewaka muda mrefu limesimama juani, mshale wa joto unapanda, anaomba alizime kidogo. Yaani umzimie Mheshimiwa kiyoyozi! Gari lenye ngao ya joto litaliogopaje joto? Ndiyo maana tunasema watumishi wa ngazi ya chini wajengewe uwezo. (Kicheko cha meza kuu.)

Nirudi kwenye takwimu, maana takwimu haziongopi, na mimi nazisoma kama nilivyoziagiza. Joto katika eneo la filta limeshuka kwa asilimia sabini na tatu nukta nne, kwenye makaratasi. Nguvu ya injini imefikia asilimia mia na ishirini ya nguvu iliyopo, iliyokuwapo na itakayokuwapo. Uelewa wa wadau kuhusu joto umepanda kutoka sifuri hadi wastani. Na imani ya wananchi kwa idara hii haikuweza kupimwa, kwa sababu kipimo kilikatika—

(Mama wa jikoni anaweka chini sinia la vikombe. Anakuja hadi mbele ya jukwaa, mikono bado ina unyevu, na kusema bila kupaza sauti: "Baba, aliyelala huko juu ni mwanangu.")

Mama. Pole sana, mama yangu. Hata mimi ni mzazi. Lakini likikupata jambo usilitazame kwa jicho moja, maana mwanao amebahatika kuwa mnufaika wa kwanza wa mradi huu, na jina lake nitalipendekeza mimi mwenyewe liingie kwenye ripoti, ukurasa wenye picha. Naomba urudi kwenye chai. Nimebakiza machache. (Sauti kutoka nyuma: "Machache yapi? Mtu anakufa huko!") Hayo si maneno ya kusemwa mbele ya Mheshimiwa. Kwanza Mheshimiwa mwenyewe, mnamwona, amefumba macho ili anisikilize vizuri zaidi. Sasa niingie kwenye kiini cha hotuba, ambacho kina vipengele vikuu, vipengele vya kati na—

(Dereva anampokea muuguzi sanduku, anamfungulia mlango wa mbele. Mama wa jikoni anaingia nyuma, anajibana kando ya Mheshimiwa aliyesinzia, anapakata sanduku. Gari linaondoka. Utepe unakatika vipande vipande. Vigelegele, watu wamesimama juu ya viti.)

Mpiga picha, umeipata hiyo? Haikuwamo kwenye ratiba, lakini iandikwe kwamba ilikuwamo. Utepe umekatika, na utepe ukikatika uzinduzi umefanyika, uwe umekatwa na mkasi au na bampa. Mheshimiwa yumo ndani? Yumo. Basi iandikwe pia kwamba Mgeni Rasmi amefanya ziara ya kushtukiza. Tukae, ndugu zangu, tuendelee. (Hakuna anayekaa. Watu wanageuza viti kuutazama mlima.)

Naomba mnitazame mimi, mlima haujaandaa hotuba. Haya, kama mmeshikilia, tutazame wote, na mjionee tija kwa macho. Hilo hapo linapanda. Kona ya kwanza limeikata kiume, makofi tafadhali! (Makofi ya kweli.) Sasa linaiendea kona ya pili, ile iliyokuwa ikitudhalilisha enzi za kabla ya mradi. Linapunguza mwendo, hiyo ni tahadhari. Linapunguza tena, maana limebeba kiongozi na kiongozi hapelekwi mchakamchaka. Halijasimama. Nasema halijasimama, linatafakari. Ule si moshi, ni mvuke, na mvuke ni maji, na maji ni uhai. (Kicheko kinaanza, kisha kinakatika. Mlango wa nyuma umefunguka. Mama wa jikoni anashuka, anajitwika sanduku kichwani na kuanza kupanda kwa miguu.)

Huyo mama hakuruhusiwa kushuka. Sanduku lile ni mali ya idara. (Vijana wanatoka getini mbio. Akina mama wa jikoni wanawafuata, kisha yule mzee wa nyuma, akiwa ameshika kofia yake.) Jamani, chai bado! Posho za usafiri zinatolewa mwisho wa hotuba! (Wanazidi kutoka.)

(Katibu muhtasi anampelekea simu. Kipaza sauti kinabaki wazi.)

Naam, Mheshimiwa. Naam, tumeona, limechoka kidogo. Dereva amefungua boneti. Ndiyo. Unasema hapo kati ya filta na injini huoni kitu? Itakuwa ni mvuke, Mheshimiwa. Nakuapia ngao ipo, naitazama kwa macho yangu mawili hapa niliposimama. Samahani, hizo pumzi ni za nani? Zako? Unasukuma wewe mwenyewe? Pamoja na muuguzi. Na koti la suti umelivua. Hongera, Mheshimiwa, wananchi wanapenda kiongozi anayeshuka chini. Alo? Alo?

Amenipongeza. (Meza kuu wanatazamana.)

Kwa ninyi mliobaki, na wingi si hoja, tupige kaulimbiu yetu. Nikisema joto, mnasema nje. Joto! (Sauti moja: "Ndani!") Hewa baridi! (Mtu mmoja anajipepea kwa ratiba.) Ngao yetu! ("Iko wapi?" Ni Makamu wa Mwenyekiti wa Bodi.) Mwitikio ni mzuri, lakini uwiano wa sauti utafanyiwa kazi.

Naletewa taarifa hapa kutoka juu. Muuza maziwa aliyekuwa akishuka na pikipiki yake amemkuta mama njiani, akashusha madumu kando, akampakia na sanduku lake, akageuza. Wamefika. Daktari ameipokea damu na wameshaingia kumpasua yule binti. (Vigelegele kutoka mlimani, vinasikika hadi uwanjani. Muuguzi mwingine wa benki ya damu, aliyebaki uwanjani, anajifuta macho kwa kanga.) Mnaona? Mnaona matunda? Iandikwe kwamba damu ilifika kwa wakati kwa njia ya dharura iliyoratibiwa na idara yangu, na huyo muuza maziwa atafutwe, apewe onyo kwa kutovaa sare.

Kabla sijashuka nitoe shukrani, maana asiyeshukuru kwa kidogo hata kwa kingi hashukuru. Naishukuru Kamati ya Joto. Naishukuru kamati ya kamati. Nazishukuru hoteli zote. Nakushukuru kwa namna ya pekee wewe fundi, uliyepokea kutoka kwetu lile bati la alumini, bati pekee lililobaki baada ya mradi kugharimia maandalizi ya mradi, ukataka kulikunja liwe ngao, tukakuita, tukakueleza kwamba huwezi kuzindua kitu bila kibao cha uzinduzi, ukabisha, tukakukumbusha una watoto wanasoma, ukakubali shingo upande. Kazi yako ndiyo hii hapa. (Anavuta kitambaa ukutani. Kibao cha alumini kinang'aa: jina la Mkurugenzi na vyeo vyake kwa herufi kubwa, maneno "Ngao ya Joto" kwa herufi ndogo pembeni.) Mheshimiwa aliponiuliza nikamwambia naiona. Je, nilimdanganya? Mwenye kuuliza tulizindua nini, tulizindua uzinduzi, na umefana.

(Katibu muhtasi ananong'ona.)

Mheshimiwa anateremka kwa miguu, na ametuma neno kwamba akifika hapa ngao iwe imeshakaa mahali pake, la sivyo mimi nisionekane mahali pangu. Serikali ni sikivu. Fundi, lete bisibisi. Kibandue hapo ukutani, kikunje, ukimbie nacho huko juu ukakifunge kwenye lile gari sasa hivi. Ila nakuomba, ndugu yangu, utakapokuwa unakikunja uwe mwangalifu, jina langu lisije likakaa upande wa moto.