Mfano wa Neno Ropoka

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa kamusi amenikabidhi neno "ropoka." Mkataba wangu unaisha Ijumaa. Jopo likipitisha kazi, nabaki. Likikataa, meza yangu ya dirishani inakwenda kwa Miwani, mhariri mwenzangu, ambaye ameshaipima kwa rula. Nilimwona. Maana haikunisumbua: kusema bila kufikiri jambo lisilofaa kusemwa pale. Kilichobaki ni sentensi ya mfano. Hapo ndipo nitakapomkomesha. "Mwenye miwani aliropoka kikaoni, akaaibisha ofisi nzima." Wajukuu zake wataisoma shuleni.

Jumanne, 5 Machi
Mke wangu kaisoma akipiga pasi. Akasema, baba watoto, utajimaliza. Nikamweleza kwamba neno bila ushahidi hai ni mzoga. Akajibu mzoga tutauona Ijumaa. Nimegawa nakala sita kwa jopo.

Jumatano, 6 Machi
Balaa. Mkuu kaingia asubuhi amevaa miwani. Kapimwa macho jana. Nimezunguka meza hadi meza nikizidai nakala, eti kuna herufi imeruka. Nimepata tano. Ya sita iko mkobani mwa mkuu.

Alhamisi, 7 Machi
Kikao. Mkuu akasoma mfano kwa sauti, polepole, akavua miwani, akauliza nimemkusudia nani. Shati likanigandia mgongoni. Ndipo Miwani, huyohuyo, akasema ni mfano tu, mkuu, mbona hata yeye mwenyewe anavaa tangu darasa la pili. Watu wakacheka. Mkuu akacheka. Akatoa kalamu asaini mkataba wangu.

Nilitakiwa kunyamaza. Lakini ukweli una haki zake. Nikamwambia mkuu asiwe na wasiwasi, sentensi haimhusu kabisa, kwani siku ile alipowaambia wageni wa wizara kwamba waziri wao hajui kusoma, hakuwa na miwani.

Kalamu ikarudi mfukoni.

Ijumaa, 8 Machi
Nimefungasha vitu kwenye boksi. Miwani kanisaidia kubeba bila kusema neno, na hilo limeniudhi zaidi. "Ropoka" limepita. Maana yangu haikuguswa hata nukta. Mfano wameubadilisha: "Alikuwa ameshasamehewa, akaropoka." Mke wangu kausoma mara mbili, akasema hongera, hatimaye umeingia kwenye kamusi.

Siridhiki. Mfano ni dhaifu, hausemi mtu aliropoka nini. Nimeandika barua ya kurasa nne kuusahihisha, pamoja na maneno ya mkuu siku ile, yote, kama alivyoyatamka. Nakala kwa waziri.