Romana na Ukurasa wa Arobaini na Moja

Jumatatu, 14 Julai 2025
Daftari, hujambo. Nimezoea barua, kwa hiyo nisalimie kwanza. Mimi Mama Romana wa hapa Kibaoni, mzima. Baba Romana mzima, yuko mashineni na mpunga. Deo mdogo anakohoa kidogo. Bibi mzima, ila magoti. Kuku wote wazima. Romana mzima, shida shule.
Mwalimu Skolastika wa Kiswahili katuita wazazi wa darasa la sita. Ijumaa kila mtoto atasoma kwa sauti mbele yetu. Asiyeweza, vipindi vya kusoma atakaa na la nne. La nne! Romana wangu, mrefu kuliko mlango! Mimi niliacha shule la tatu kwa kuchekwa hivyo hivyo. Hachekwi mtu tena nyumba hii. Kila mtoto kapewa ukurasa wake. Wetu wa arobaini na moja, ufugaji wa nyuki. Nina mpango.

Jumanne, 15 Julai
Mpango: akariri. Mimi nasoma polepole kwa kidole, yeye anafuatisha. Mistari sita kabla maharage hayajaiva. Mtoto ana kichwa!
Jirani, Mama Egide, kachungulia, kauliza tunasali rozari au vipi. Kasema Egide wake anasoma hadi maandishi ya mfuko wa mbolea. Nikamwambia basi Ijumaa aje na mfuko.

Jumatano, 16 Julai
Ukurasa umeingia wote, ila Romana anausema kama mtu aliyeibiwa. Nimempeleka kwa Katekista Amedeus, anayewafundisha wasomaji wa Misa. Nimebeba jogoo. Katekista kamsimamisha mimbarini, kanisa tupu. Simama wima, tazama watu, usikimbie, malizia vizuri. Mara kumi na mbili! Katoka na sauti ya kuitisha kijiji. Jogoo kaenda kihalali.

Alhamisi, 17 Julai
Presha! Nimemkuta anajifunza, kitabu kakishika kichwa chini miguu juu. Nikasema ageuze. Kasema, mama, si yale yale tu. Nikawaza. Kweli, yale yale. Nimechora msalaba kwenye jalada ajue juu ni wapi. Kauliza, je, Mwalimu akimpa ukurasa mwingine? Nikamwambia awe na imani.

Ijumaa, 18 Julai
Kaanza Egide. Kasoma vizuri, sikatai, ila kama mbu. Kisha Romana. Wima! Mizinga, malkia, asali, vyote vinatiririka. Mama Egide mdomo wazi. Romana kafika mwisho, kainua kichwa kama alivyozoeshwa: Neno la Bwana.
Wazazi wote tukajibu, Tumshukuru Mungu! Mimi wa kwanza. Mwalimu mkuu naye. Mzee mmoja nyuma kasimama kabisa, anasubiri Aleluya.
Mwalimu Skolastika kacheka hadi kavua miwani. Kisha kafunua ukurasa wa kumi, kampa. Romana kanitazama. Nikajikuta nimesimama, midomo inacheza, na ukurasa wenyewe siuoni. Ndipo Romana kasema, kwa sauti ile ile ya mimbarini: Mwalimu, huu siujui, nifundishe.
Hakucheka mtu. Jumatatu anaanza na la nne. Nimelia. Mama Egide kanipa ncha ya kitenge chake nijifute, eti pole jirani. Hata pole yake ina maringo.

Jumapili, 20 Julai
Kosa nimeliona. Tulikariri ukurasa mmoja tu! Kitabu cha la nne kina kurasa themanini, nimeuliza. Hakuna wa kutuweza. Daftari, nakuchana hapa, kipande kinakwenda Sibwesa:
Dada Dorotea, sisi wazima, magoti ya Bibi bado. Angela wako alimaliza la nne mwaka jana, nitafutie kitabu kile, mpe yeyote anayekuja huku. Tutakikariri chote. Romana anasema niache, anataka kujifunza mwenyewe na Mwalimu. Usimsikilize, huyo bado mtoto. Nijibu upesi sana, dada, maana Katekista ameshakubali na kuku wa pili nimemfunga miguu.