Wagonjwa Wenu Wanarudi kwa Miguu

Nzahaha, tarehe 11 Juni 2006

Kwa Maman Béatrice, Titulaire, yaani mkuu, wa Kituo cha Afya,

Pokea heshima zangu. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyokulia nayo Bukavu, na pia kwa sababu Kinyarwanda changu cha hasira hakifai kuandikwa. Mimi ni mwenyekiti wa chama cha ingobyi cha kilima chetu, yaani wanaume tunaowabeba wagonjwa begani kwa machela ya kusukwa hadi mlangoni kwako. Miaka kumi na tisa nimeshika mti wa mbele. Sasa kituo chako kinataka kuniondoa kazini, na sababu ni hizi:

1. Tulikuletea Nyirabagenzi, aliyeharisha wiki saba kwa vijidudu hadi akawa mwepesi kuliko machela. Ukampima virusi, ukampa dawa, na habari hizo anazisimulia mwenyewe sokoni bila aibu. Juzi alitupita mlimani na mkungu wa ndizi kichwani, akatuuliza kama tumechoka. Hiyo ni adabu gani?

2. Kayitare. Huyu alikuwa na fangasi kwenye utando wa ubongo. Kichwa kilimuuma hata mwanga wa mlangoni ulimliza. Tulimbeba taratibu, tukaagana naye vizuri, nami nikatoa hotuba. Hotuba nzuri sana. Amerudi, na anataka nimweleze ile sehemu niliyosema alikuwa mbishi.

3. Kibaya zaidi, amejiunga na chama! Jumapili aliniondolea mti begani mbele ya watu: "Muzee, acha minakamata mbele, weye unachoka." Mimi! Ni kweli nimepungua kidogo, na tangu Pasaka nakunywa uji tu, lakini hiyo ni mihogo ya mwaka huu, inakwaruza koo.

4. Unawafundisha watu kwamba haya ni magonjwa nyemelezi, yanangoja kinga ya mwili ishuke ndipo yaingie. Mke wangu Mukabalisa amelisikia neno hilo, na kila asubuhi ananiamuru nifungue mdomo. Sipendi kuchunguliwa.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu upunguze kuponya. Katika kila watatu, mmoja abaki wa kubebwa, chama kisife. Na Kayitare apatiwe ugonjwa mdogo, wa mguu tu.

Wasalimie wauguzi wote, mlinzi wa getini, na yule binti wa maabara anayechoma sindano bila huruma.

Wako mtiifu,
Nsengiyumva Faustin,
Mwenyekiti

N.B. Maneno haya nayaandikia mlangoni kwako, nimelala ndani ya ingobyi. Mdomo umejaa utandu mweupe hadi kooni, hata maji hayapiti. Kayitare ameshika mbele njia nzima, hakunitikisa hata mara moja. Yaliyo hapo juu usiyafuate. Naogopa, Maman. Nipime leo. Mukabalisa amekuja na viatu vyangu mkononi, vya kurudia nyumbani, nami sikumkataza.