Siku Mia Moja Sitini na Nane za Faili

Tangazo lilibandikwa asubuhi kwenye geti la halmashauri: kuanzia mwezi ujao wafanyakazi wote wanahamia serikali kuu. Likizo ambazo hazijachukuliwa watahama nazo, mradi kila mtu alete raia wawili wa kuthibitisha kwamba siku hizo alikuwa kazini. Mwisho leo.

Saa nne kamili Faili, karani wa masijala, akavuka barabara na fomu yake mpaka kwenye benchi la kahawa. Miaka sita hajaenda likizo, siku ishirini na nane kila mwaka. Na miaka hiyo hiyo sita mama yake yuko kijijini anamsubiri aje amwezekee nyumba.

"Jamani, nisainieni hapa."

Fundi Viatu akaweka sindano chini. "Kwamba?"

"Kwamba nilikuwa kazini."

Mama Kahawa akacheka mpaka birika likayumba. "Kazi ipi, shemeji? Hii ya kumaliza kahawa yangu?"

"Nakuja mara moja tu, kupumua."

"Unaanza kupumua saa nne unamaliza saa saba," akasema Fundi. "Mapafu gani hayo, kaka?"

"Na koti analiacha kwenye kiti ofisini! Likizo wampe koti, ndilo lililochoka," akadakia Mama Kahawa.

Faili alihisi masikio yanawaka. "Chekeni tu. Bi mkubwa wangu analala chini ya turubai."

Kicheko kikakatika. Fundi akafuta mikono kwenye aproni, akavuta fomu, akaandika taratibu, ulimi nje. Kisha akasoma: "'Huyu bwana hajawahi kwenda likizo. Nimemwona kila siku ya kazi, saa nne hadi saa saba, kwenye benchi.'"

"Unanimaliza! Futa benchi, weka ofisini."

"Ofisini? Mara tatu nimekuja kufuata kibali cha kibanda changu, naambiwa karani katoka."

Hapo hapo Faili akamwona Afisa Utumishi, bosi wake na mpokeaji wa fomu zile, anavuka barabara kuja palepale. Akaikalia fomu haraka.

Mkubwa akaketi, akapokea kikombe bila kuagiza, akachomoa karatasi mfukoni. Akakohoa.

"Fundi, samahani. Naambiwa mnasaini."

Fundi akamtazama juu ya miwani, akachukua kalamu.

"Tunasaini, mkubwa. Wewe tukuandikie mpaka saa saba kama mwenzako, au tuseme ukweli, mpaka saa tisa?"