Hotuba ya Kuzindua Awamu ya Tatu ya Mradi wa Kufunga Kivinjari

Mheshimiwa Mke Wangu, Mlezi wa Nyumba hii, Mshika Funguo za Kabati la Vyombo na Mwanachuo wa Ualimu wa Chekechea katika umri ambao wenzako wanachagua kiti cha kupumzikia. Mheshimiwa Shemeji, kaka wa Mheshimiwa Mke Wangu, fundi umeme kwa taaluma na Kiongozi wa Upinzani katika sebule hii tangu siku ile nilipokuja kuposa nikiwa na suti ya kuazima. Mheshimiwa Binti Yetu, Nesi, uliyekuja likizo ya siku mbili na kuvuruga kazi ya miezi saba. Bwana Paka, Mjumbe wa Kudumu wa Juu ya Printa. Majirani wapendwa mnaotufuatilia kupitia ukuta, ambao tunauthamini sana mchango wenu wa kuugonga pale sauti inapozidi. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

(Makofi. Yaani kwenye hotuba imeandikwa kuwe na makofi.)

Nimesimama mbele yenu saa nne kamili asubuhi hii, nikiwa Mgeni Rasmi nyumbani kwangu mwenyewe, heshima ambayo si kila mstaafu wa masjala huipata, ili kutoa taarifa ya utekelezaji wa mpango mkakati unaohusu kompyuta yetu ya mezani, chombo ambacho nilikinunua mimi wakati Binti Yetu akiwa darasa la tano, na ambacho kinafanya kazi vizuri kutwa nzima, kinafungua barua, kinafungua habari, kinafungua kila kinachoambiwa, lakini ukifika wakati wa kufunga kivinjari, yaani ule mlango wa kuingilia intaneti, ukibonyeza tu alama ya eksi kule juu pembeni, kinalia ting mara moja, kisha kinaganda tuli kama mtoto aliyeulizwa nani kavunja glasi.

(Shemeji: "Hilo tunalijua." Mgeni Rasmi anaomba ulinzi wa kiti. Kiti ni chake.)

Mtakumbuka kwamba changamoto hii ilipojitokeza kwa mara ya kwanza, miezi saba iliyopita, mimi sikukaa kimya kama wengine, bali niliunda papo hapo Kamati ya Kudumu ya Vifaa vya Sebuleni, nikajiteua kuwa mwenyekiti, nikajiteua tena kuwa katibu baada ya mchujo mkali, na Kamati kwa kauli moja ikapitisha Mradi wa Kuimarisha Ufungaji Salama wa Kivinjari, wenye awamu, rodimapu na wadau, maana mradi usio na wadau ni sawa na kikao kisicho na chai. Katika Awamu ya Kwanza, iliyojikita kwenye uchunguzi shirikishi, nilipuliza vumbi kwa feni ya chumbani na vumbi likahamia kwenye pazia, nikaitoa kompyuta mezani nikaiweka juu ya zulia ipumue, nikairudisha mezani, nikabadilisha waya, nikaurudisha ule wa zamani, na nikasafisha kibodi herufi kwa herufi kwa mswaki ambao baadaye ilibainika kuwa ni wa Mheshimiwa Shemeji, aliyekuwa amekuja kututembelea kwa wiki moja.

(Minong'ono mizito upande wa upinzani. Shemeji anapapasa meno kwa ulimi.)

Awamu ya Pili ilihusu kujenga kapasiti, na ndipo nilipomteua Mtaalamu Mwelekezi, fundi bingwa kutoka mjini, ambaye kwa sababu ya majukumu yake mengi hakuweza kufika hapa kimwili, ila mmenishuhudia kila Jumamosi nikitoka nje na simu, nikisimama karibu na tenki la maji ambako mtandao ni mzuri, nikipokea maelekezo yake ya kitaalamu kwa muda usiopungua dakika ishirini. Na matunda ya mashauriano hayo hayahitaji tochi. Takwimu za Kamati zinaonyesha kwamba ndani ya miezi saba kompyuta imeganda mara arobaini na moja, na katika mara hizo mimi binafsi, bila kujali usalama wangu, niliinama chini ya meza na kuchomoa plagi mara thelathini na nane, sawa na asilimia tisini na mbili nukta saba, na mara tatu zilizobaki umeme ulikatika wenyewe na kutupunguzia kazi. Naomba nioneshwe nyumba nyingine yenye rekodi hiyo.

(Makofi yameandikwa hapa pia.)

Sasa niingie kwenye jambo lililotukutanisha, ambalo ningependa kulizunguka kidogo kabla ya kulifikia. Mke Wangu anamalizia kozi yake. Kazi ya mwisho ni insha, nayo anaiandikia humohumo kwenye ukurasa wa chuo, na ukurasa ule una tabia yake: ukifungwa vizuri unahifadhi ulichoandika, ukichomolewa plagi unasahau kila kitu. Kwa hiyo, katika utekelezaji wa Mradi, insha ilipotea mara moja ikiwa na kurasa tisa, ikapotea mara ya pili ikiwa na kurasa kumi na mbili, ikapotea mara ya tatu ikiwa imekamilika, imebaki kutumwa tu, na siku hiyo Mke Wangu alikwenda jikoni akaosha vyombo vilivyokuwa visafi. Kamati ilipeleka rambirambi.

Ameiandika tena mara ya nne. Iko pale kwenye skrini, tangu juzi kompyuta haijazimwa, na plagi inalindwa na Binti Yetu, ambaye kama mnavyomwona ameweka kiti chake juu ya waya. Mwisho wa kuituma ni leo saa sita mchana, ikipita hapo ni mpaka mwakani, na Mke Wangu ametangaza tangu asubuhi kwamba hatagusa kitufe chochote mpaka nimweleze, na haya ni maneno yake na si yangu, huyo fundi wako amefanya nini miezi yote hii. Ndiyo sababu ya hotuba.

(Mama, yaani Mheshimiwa Mke: "Saa nne na dakika kumi na tano.")

Napokea taarifa hiyo kwa moyo mkunjufu. Nikirejea kwenye hotuba yangu, ambayo nimeiandaa kwa kalamu nene nyuma ya kalenda za miaka iliyopita, karatasi hamsini na nne, naomba niseme kwamba katika dira yetu ya maendeleo ya sebule hii, sisi kama familia tunatarajia, kufikia mwishoni mwa

(Shemeji, kutoka upande wa pili wa sebule: "robo ya pili ya mwaka huu.")

Mheshimiwa, usinimalizie sentensi.

(Shemeji: "Shemeji, naisoma kutoka hapa. Maneno sita yamejaza karatasi nzima." Kicheko kinaanzia kwa upinzani, kinapita kwa Binti, kinafika ukutani kwa majirani. Mama hacheki. Anaitazama karatasi.)

Nimeandika kwa herufi kubwa ili kuonyesha uwazi na uwajibikaji. Kiongozi anayeandika herufi ndogo ana la kuficha, hilo nimejifunza katika miaka thelathini na moja ya masjala, ambako waliniita Jicho, kwa sababu daktari aandike alivyoandika, karani alewe alivyolewa, barua ikiletwa kwangu ilisomeka. Nasema haya si kwa kujisifu. Nasema kwa kujisifu kidogo tu.

(Shemeji anasimama kwa swali la nyongeza: "Huyo fundi jina lake nani?")

Swali zuri sana, na litajibiwa kwa maandishi. Tuendelee. Jana alasiri, wakati mimi nikiwa nje kwenye mashauriano karibu na tenki la maji, Binti Yetu, bila kibali cha Kamati, alikaa mbele ya kompyuta akafungua ukurasa mwingine, akausoma, akabonyeza eksi, ikalia ting, ikaganda. Sasa mtu mwenye malezi mema angeniita nije kuchomoa. Yeye akainamisha kichwa, akatazama chini kabisa mwa skrini, pale ukingoni, akaona kipande chembamba cha kitu kimechungulia, unene wa ukucha. Nilipoingia nikamkuta ametulia, mikono mapajani. Akaniambia kwa sauti ya chini, ile sauti ambayo nadhani huwa anawaambia wagonjwa, "Baba, haijaganda. Inakuuliza swali, na inasubiri ujibu."

Naomba nifafanue kitaalamu, maana suala hili lina vipengele vingi. Kompyuta, ukiitaka ifunge kivinjari chenye kurasa nyingi wazi, hukuletea kidirisha kidogo kukuuliza kama una uhakika. Ukijibu ndiyo, inafunga. Ukijibu hapana, inaacha. Usipojibu inakungojea, haina haraka, haina pa kwenda. Ila yetu, kutokana na maboresho fulani ya kisera yaliyofanywa miezi saba iliyopita na mtu ambaye uchunguzi wa Kamati bado haujamtaja, ina herufi zilizokuzwa na kukuzwa mpaka kila kitu kikafura, na kidirisha cha swali kikasukumwa chini hadi kikatoka nje ya skrini. Swali lilikuwa linakuja. Mahali pa kulijibia ndipo palipokuwa hapaonekani. Mara arobaini na moja chombo kile kimeniuliza kwa adabu, "Una uhakika?", na mara thelathini na nane nikakijibu kwa kuchomoa plagi.

(Shemeji anaketi bila kuambiwa.)

Na dawa yake, wataalamu wa kimataifa wanakubaliana, ni kubonyeza kitufe cha enta. Mara moja, kama Binti Yetu alivyofanya jana, na insha ikabaki salama. Hata kidirisha usipokiona. Hata leo insha ikishatumwa na kivinjari kikifungwa, swali litakuja palepale chini, ting, na jibu ni enta.

(Mama: "Kwa hiyo kompyuta haikuwa mbovu.")

Kuhusu hilo, Mheshimiwa, ningependa kulipeleka kwenye kamati ndogo, lakini naona Binti Yetu ananiangalia, na jana tulikubaliana, yaani yeye alikubaliana, kwamba ikifika saa tano na mimi sijasema, atasema yeye. Basi nihitimishe. Zimebaki karatasi kumi na mbili, sawa na sentensi moja na nusu, nazo naziweka chini. Naomba tunyanyue mikono. Kivinjari!

(Hakuna anayenyanyua mkono.)

Kivinjari!

(Shemeji, kwa huruma: "Kifungwe.")

Plagi!

(Binti: "Ibaki ukutani.")

Mama!

(Wote isipokuwa Mama: "Ahitimu.")

Ahsanteni. Sasa shukrani, maana mgeni rasmi asiyeshukuru halipwi hata soda. Kwanza namshukuru Mheshimiwa Shemeji kwa swali lake la jina la fundi, ambalo nimelitafutia jibu la maandishi nikashindwa, kwa kuwa fundi hayupo, hakuwahi kuwepo, hana jina wala ofisi wala mji, na zile Jumamosi zote karibu na tenki la maji nilikuwa nimeshika sikioni simu iliyozimwa, nikisema ndiyo mtaalamu, sawa mtaalamu, hebu rudia hapo mtaalamu, na siku moja nilimbishia mpaka nikakasirika kweli. Naishukuru Kamati, ambayo pia haikuwepo. Naushukuru Mradi, awamu zake na wadau wake, ambao kwa pamoja walikuwa ni mzee mmoja chini ya meza na plagi mkononi. Nadhani mzee mwenye akili timamu angekwenda kupimwa macho tangu mwezi wa kwanza. Mimi nilikuza herufi.

Na namshukuru Mke Wangu. Mama watoto, mara tatu uliniomba niisome insha yako kabla hujaituma, ukasema hakuna mtu mwingine unayemwamini kwa kusoma. Mara tatu nilikaa pale nusu saa nzima, nikibofyabofya kipanya ili usikie jikoni, kisha nikaja nikakuambia imesheheni, ina tija, hasa ile sehemu ya takwimu. Na ilipopotea ukanifuata ukasema, wewe uliisoma, nikumbushe niliandika nini pale mwishoni, nami nikakuambia kwa ujumla ilikuwa na mwelekeo chanya. Sikuisoma. Herufi hata nikizikuza zinaogelea, nikilikamata neno moja la pili limeshaondoka. Marehemu baba alianza hivihivi, na unajua nani alikuwa akimshika mkono kumpeleka uani, ni mimi. Naogopa, mama watoto. Niliona bora mseme kompyuta ni mbovu. Baada ya kusema hayo machache, nawashukuru kwa kunisikiliza.

(Hakuna makofi, na safari hii hayakuwa yameandikwa. Binti anainuka kwenye waya na kusimama nyuma ya kiti cha baba yake. Kwa majirani hakuna anayegonga ukuta.)

(Mama: "Insha yangu ni ya kumfundisha mtoto wa miaka minne kuvaa viatu mwenyewe. Haina takwimu hata moja. Nilijua hukuisoma, baba watoto. Miezi yote hii nikadhani unaidharau kozi yangu. Sikujua kwamba huoni.")

(Anasogeza kiti chake karibu na skrini, kisha anavuta cha pili.)

(Mama: "Njoo ukae. Hata saa tano haijafika. Nitakusomea kwanza, ndipo niitume.")